Nyundo ya Qingdao: Tarikhi ya Ubora katika Viwanda vya Uchina

Katika mwaka 1974, mwaka wa ukame katika jimbo la Shaanxi, wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na mji wa Xi'an waliibua vipande vya sanamu za udongo, na wataalamu waliokuja nyuma yao wakafukua jeshi zima la askari wa udongo waliozikwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita ili wamlinde Mfalme wa Kwanza wa Qin baada ya mauti yake. Ulimwengu ulizistaajabia sanamu zile, na ilikuwa haki yake kustaajabu. Walakini mtu anayetaka kujua jinsi Wachina walivyoihukumu kazi njema na kazi mbovu tangu zama za kale hana budi aziache sanamu zisimame zilipo, ainame juu ya silaha za shaba nyeusi zilizofukuliwa pamoja nazo. Kwenye bapa la baadhi ya silaha hizo mna maandishi membamba yaliyochorwa kwa ncha kali. Mwaka wa utawala hutajwa kwanza. Halafu hutajwa jina la waziri mkuu, Lü Buwei. Halafu la msimamizi wa karakana. Halafu la naibu wake. Na mwisho, chini ya wote, limechorwa jina la fundi aliyeifanya kazi kwa mikono yake.

Majina hayo hayakuchorwa kwa ajili ya fahari. Katika kitabu kilichokusanywa chini ya ufadhili wa Lü Buwei huyo huyo, yapata mwaka 239 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, imewekwa kanuni kwamba kila chombo kiandikwe jina la aliyekifanya ili uaminifu wake upate kupimwa, na kazi ikionekana kuwa na kasoro aadhibiwe, na sababu ya kasoro ichunguzwe. Dola ya Qin ilikuwa dola ya sheria kali, iliyoamini kuwa binadamu hutengenezwa kwa khofu ya adhabu na tamaa ya malipo, na huenda msomaji akaona kuwa hakuna ajabu katika jambo hilo, kwa kuwa kila mtawala mkali hupenda kujua ni nani wa kumchapa. Ajabu, kwa maoni yangu, imo katika mpango wa majina. Waziri mkuu hakuyeyusha shaba, wala hakushika kalibu, wala yamkini hakuwahi kuingia katika karakana ile hata siku moja. Na pamoja na hayo jina lake limetangulia mbele ya jina la fundi, juu ya shaba ile ile, kwa mkono ule ule, hata ikawa aibu ya silaha mbovu ni aibu iliyoandikwa kuanzia juu kwenda chini.

Karne tatu kabla ya wakati huo, mwaka 551 kabla ya Nabii Isa kwa hesabu iliyozoeleka, alizaliwa katika mji wa Qufu mwalimu ambaye mafundisho yake yaliipinga njia hiyo ya khofu. Confucius alishikilia kwamba watu wakiongozwa kwa amri na adhabu watajitahidi kuikwepa adhabu bila ya kuwa na haya mioyoni, lakini wakiongozwa kwa tabia njema na adabu watapata haya, na kwa haya hiyo watajirekebisha wenyewe. Kwake yeye mzigo wa kwanza ulikuwa wa aliye juu: mtawala awe mtawala kwelikweli, baba awe baba kwelikweli, na mdogo atafuata kama majani yanavyofuata upepo. Mwanafunzi wake Zengzi alisifiwa kwa desturi ya kujihoji nafsi yake kila siku juu ya mambo matatu, kama aliwatendea wengine kwa ikhlasi, kama alikuwa mwaminifu kwa rafiki, na kama aliyazoea aliyofundishwa. Dola zilizofuata baada ya Qin zilimsifu Confucius katika mitihani na ibada, na zikaendelea kutumia adhabu za Qin katika utawala. Na mchanganyiko huo wa haya na khofu, ambao haukupata kuchujwa hata mara moja ukawa safi, ndio uliorithiwa na karakana za Uchina.

Mfano wake mkubwa kuliko yote unaweza kuguswa kwa mkono hata leo katika mji wa Nanjing. Zhu Yuanzhang, mtoto wa wakulima maskini aliyekuja kuiasisi enzi ya Ming, aliuzungushia mji wake mkuu ukuta wenye urefu wa kilomita 35 hivi, kazi iliyoanza mwaka 1366 na kuendelea kwa miaka ipatayo 20, na matofali yake yakaagizwa kutoka wilaya nyingi za bonde la mto Yangzi, yakasafirishwa kwa majahazi. Kila wilaya ilichoma matofali katika matanuri yake kwa vipimo vilivyotolewa na serikali. Tofali moja lina urefu wa sentimita 40 hivi, zito kiasi cha kumlemea mtoto, na ubavuni mwake umepigwa muhuri wa majina: ofisa wa jimbo, ofisa wa wilaya, viongozi wa kaya za kijiji, mchomaji wa tanuri, na mwishowe mkandaji wa udongo. Mkaguzi aliyeshuka bandarini hakuwa na haja ya kufanya uchunguzi mrefu. Aligeuza tofali, akasoma. Watu wa Nanjing wamepita chini ya majina hayo kwa zaidi ya miaka 600, na sehemu kubwa ya ukuta ingali imesimama.

Katika enzi hiyo hiyo ya Ming, huko Jingdezhen katika jimbo la Jiangxi, matanuri ya mfalme yalikuwa yakichoma vyombo vya kauri ambavyo jamii yake, iliyotoka katika matanuri ya kawaida ya raia, iliwafikia hata watu wa pwani yetu; maana mabakuli ya Kichina yaliyojengewa katika makaburi ya kale ya Kunduchi na Mambrui yangali ushahidi wa jinsi mabwana wa mwambao walivyoyathamini. Mwandishi Song Yingxing, katika kitabu chake cha mwaka 1637 juu ya ufundi na viwanda, alihesabu kuwa kikombe kimoja kilipitia mikono 72 kabla ya kukamilika. Panapokuwa na mikono 72, kila mkono una nafasi ya kuusingizia mkono mwingine. Katika matanuri ya mfalme neno hilo lilikatwa kwa njia isiyo na mjadala: chombo kilichopinda kidogo, au kilichoingia doa, au ambacho buluu yake ilikolea kupita kiasi, kilivunjwavunjwa na kufukiwa papo hapo katika viwanja vya matanuri, kisiuzwe kwa raia wala kisitumiwe na mtu. Tangu miaka ya 1980 wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua hapo mashimo yenye vigae visivyohesabika vya enzi za Yongle, Xuande na Chenghua, wakaviunga upya kipande kwa kipande, na aghalabu jicho la mtu wa leo huitafuta kasoro katika chombo kilichoungwa lisiione.

Wafanyabiashara nao walikuwa na njia zao. Duka la dawa la Tongrentang, lililofunguliwa Beijing mwaka 1669 na ukoo wa Yue, na ambalo tangu mwaka 1723 lilikuwa likipeleka dawa katika kasri la mfalme, liliweka wasia wa ukoo kwamba hata kazi ya kutengeneza dawa ikiwa na usumbufu mwingi isipunguzwe taabu yake, na hata viungo vikiwa ghali visipunguzwe uzito wake. Dawa ina sifa moja inayoitofautisha na tofali: mnunuzi hawezi kuigeuza akasoma kilichomo. Akimeza tembe, ameikabidhi roho yake kwa amana ya mtu asiyemwona. Kwa hiyo wazee wa Tongrentang walifundisha kuwa atengenezaye dawa faraghani, asionwe na mtu, bado anaonwa na mbingu. Na mtu anaweza kuiita hiyo dini, au haya, au akili ya biashara ya ukoo uliokusudia kuuza dawa kwa wajukuu wa wateja wake.

Si haki, hata hivyo, kuisimulia tarikhi hii kana kwamba kila Mchina alizaliwa na kipimo mkononi. Mwaka 1919 mwanachuoni Hu Shi aliandika kisa kifupi cha dhihaka juu ya bwana mmoja aliyeona kwamba mambo yote chini ya jua yanakaribiana, sukari nyeupe na sukari nyekundu, kumi na elfu, na kwamba mwenye kushikilia tofauti ndogondogo anajisumbua bure. Bwana huyo alipougua ghafla, mtumishi wake alimkosa tabibu wa mtaa wa mashariki, akamletea mganga wa ng'ombe wa mtaa wa magharibi mwenye jina la ukoo lile lile, na mgonjwa akaona pia kuwa hiyo si tofauti kubwa, akatibiwa kwa dawa ya ng'ombe akafa, na watu wakamsifu kwa upole wake. Wachina walicheka kwa kuwa walimfahamu. Utulivu wa kutogombana, kustahiana mbele za watu, kutomwonyesha mwenzio kosa lake hadharani, yote hayo ni maadili yenye thamani katika ujirani na katika ndoa. Katika karakana ni mlango ambao kasoro hupitia bila ya kupiga hodi.

Mapinduzi ya mwaka 1949 yalileta viwanda vya dola na hesabu za mpango, na katika hesabu hizo wingi ulitangulia. Mwaka 1958, katika kampeni ya kuruka mbele kwa kishindo, mamilioni ya watu walijenga matanuri madogo ya chuma vijijini na kuyeyusha hata masufuria ya kupikia, na chuma kingi kilichopatikana hakikufaa kwa kazi yoyote. Msimamizi aliyepeleka juu hesabu kubwa alipongezwa, na aliyesema ukweli alihatarisha nafsi yake. Basi mtu anaweza kuona jinsi staha ya kale kwa wakubwa, ikiunganishwa na khofu mpya, ilivyozaa hesabu za uongo. Mwaka 1960 Mao Zedong aliipitisha ile iliyoitwa katiba ya kiwanda cha chuma cha Anshan, iliyotaka wakubwa washiriki kazi za mikono na wafanyakazi washiriki uongozi, na ndani yake mlikuwa na wazo lenye maana. Lakini Mapinduzi ya Utamaduni yaliyofuata yaliacha viwandani mabango mengi na kanuni chache.

Mlango ulifunguliwa tena mwaka 1978. Mwezi wa Septemba serikali ilitangaza mwezi wa ubora wa kwanza katika nchi nzima. Mwezi wa Oktoba Deng Xiaoping alizuru Japani, akakitembelea kiwanda cha magari cha Nissan. Na katika mwaka huo huo Kiwanda Kikuu cha Injini cha Beijing kilianza kujifunza mbinu za udhibiti wa ubora kutoka kampuni ya Komatsu ya Japani, akisaidia katika kazi hiyo mtaalamu Liu Yuanzhang, ambaye mwenyewe alisoma Kyoto. Agosti 1979 ikaundwa jumuiya ya ubora ya taifa, na vikundi vidogo vya wafanyakazi wa kujadili kasoro vikaenea viwandani. Wajapani walikuwa wameyachukua mahesabu hayo kwa Wamarekani baada ya vita, wakayavika vazi la nidhamu na ushirika ambalo kwa sehemu kubwa lilishonwa kwa mafundisho ya Confucius waliyoyapata kutoka Uchina zamani. Hivyo Wachina walipokuwa wakiandika darasani maneno ya walimu wa Kijapani, baadhi ya waliyokuwa wakiyaandika yalikuwa ya babu zao.

Sasa tufike Qingdao, mji wa bandari katika jimbo la Shandong, jimbo lile lile alimozaliwa Confucius. Desemba 1984 halmashauri ya mji ilimtuma Zhang Ruimin, mtu wa miaka 35, akakiongoze Kiwanda Kikuu cha Majokofu, ambacho kilikuwa kimepokea wakuu watatu katika mwaka mmoja na wote wakakishindwa. Deni lake lilikuwa yuan milioni 1.47. Wafanyakazi walikuja na kuondoka wapendavyo, wakibomoa hata mbao za madirisha kuota moto wakati wa baridi, na Zhang alilazimika kwenda katika vijiji vya jirani kukopa fedha ili watu wapate mshahara wa kusherehekea mwaka mpya. Kanuni zake za kwanza zilikuwa 13. Mojawapo iliwakataza watu kujisaidia ndani ya karakana, nayo inatosha kumweleza msomaji hali ya mahali hapo bila ya maneno zaidi.

Biashara yenyewe haikuwa na tatizo la wanunuzi, na hapo ndipo ilipokuwa hatari. Uchina ya miaka ile ilikuwa na njaa ya vyombo vya nyumbani. Watu walipanga foleni, wakaleta barua za wakubwa, wakabembeleza, na jokofu lolote lililotoka kiwandani lilipata mwenyewe. Bidhaa ziligawanywa kwa daraja: ya kwanza, ya pili, ya tatu, na zile zisizo na daraja, na hata hizo za mwisho ziliuzwa kwa bei ya chini au zilichukuliwa na wafanyakazi nyumbani. Kasoro ilikuwa na bei yake halali. Mwaka huo wa 1984 kiwanda kilikuwa kimetia saini mkataba wa maarifa na kampuni ya Liebherr ya Ujerumani, mashine mpya zikaja, lakini mikono iliyoziendesha ilikuwa imezoea daraja la tatu.

Mwaka 1985 mteja mmoja alilalamika juu ya jokofu lake. Zhang aliingia ghalani, akaamuru majokofu yaliyokuwemo, zaidi ya 400, yafunguliwe na kukaguliwa moja baada ya moja, na 76 yakaonekana kuwa na kasoro. Nyingine zilikuwa kasoro za kitoto, mkwaruzo wa rangi na mfano wake, zisizouzuia ubaridi kufanya kazi yake. Walioshauriwa walitoa rai iliyokuwa ya busara kwa desturi ya wakati ule, kwamba yauzwe kwa wafanyakazi kwa bei ya chini, kila mtu apate faida. Zhang alikataa, akasema kuwa akiyaruhusu leo majokofu 76 ni sawa na kuwaruhusu kesho watengeneze 760. Akaamuru yapangwe, akaamuru wale waliokuwa wameyaunganisha waje, kila kundi mbele ya kazi yake, akaleta nyundo kubwa, na pigo la kwanza akalipiga yeye.

Tuseme kwa fedha maana ya jambo hilo. Jokofu moja liliuzwa kwa takriban yuan 800, na mfanyakazi alipata yuan 40 au zaidi kidogo kwa mwezi. Kila pigo lilivunja mshahara wa karibu miaka miwili wa mtu aliyeishika nyundo, katika kiwanda kilichokuwa kikikopa kwa wanavijiji. Watu walilia waziwazi. Walikuwa watu waliozaliwa katika miaka ya upungufu, waliolelewa kwa kuhifadhi hata kipande cha uzi, na kuvunja kitu kizima kinachofanya kazi ilikuwa kwao karibu na dhambi. Baada ya hapo Zhang alitangaza kwamba wajibu wa makosa yale ni wake mwenyewe kuliko wa mtu mwingine, na mshahara wake wa mwezi ule ukakatwa. Wafanyakazi hawakukatwa hata senti, bali waliambiwa kuwa safari nyingine watakatwa.

Wengi waliosimulia kisa hiki, Uchina na nje yake, wameupenda ukelele wa nyundo na kuusahau mshahara uliokatwa. Mimi naona uzito wa jambo umo katika mshahara. Kuvunja vyombo vibovu ni desturi ya matanuri ya Jingdezhen, na kumleta fundi mbele ya kazi yake ni muhuri wa matofali ya Nanjing. Mkuu yeyote mwenye hasira angeweza kuyafanya hayo na asipate chochote ila kinyongo. Lakini pale ambapo mkubwa amejiweka mwenyewe katika aibu kabla ya kumweka mdogo, mdogo hawezi tena kujificha nyuma ya manung'uniko, kwa kuwa alichonyang'anywa ni udhuru wake. Zhang alikuwa msomaji wa Confucius, wa Laozi na wa Sunzi, na hakuficha hayo katika hotuba zake. Mwaka 1988 kiwanda hicho kilipata medali ya dhahabu ya taifa ya majokofu, na baadaye kikachukua jina la Haier, silabi zilizobaki kutoka katika matamshi ya Kichina ya Liebherr. Nyundo yenyewe imo leo katika Makumbusho ya Taifa mjini Beijing.

Nyundo haikuwa peke yake katika miaka ile. Tarehe 8 Agosti 1987, katika uwanja wa Wulin mjini Hangzhou, maofisa waliwasha moto wakachoma zaidi ya jozi 5,000 za viatu vilivyotengenezwa Wenzhou, viatu vilivyosifika kwa kuachana nyayo baada ya siku chache, na maduka ya miji mingine yakaweka matangazo kuwa hayauzi viatu vya Wenzhou. Fedheha iliangukia mji mzima, mwema na mwovu pamoja. Miaka 12 baadaye, Desemba 1999, mfanyabiashara wa Wenzhou Wang Zhentao, mwenye kampuni ya viatu ya Aokang, alirudi Hangzhou na kuwasha moto wake mwenyewe, akachoma viatu bandia vilivyoigiza jina la kampuni yake. Watu wa Wenzhou waliuhesabu moto wa pili kuwa umelipa deni la moto wa kwanza. Aibu ya mji ilikuwa imehesabiwa kama mali ya ukoo, inayorithiwa na inayoweza kukombolewa.

Haier iliendelea kuitia haya katika ratiba ya kila siku. Kanuni yake ilidai kuwa kazi ya leo iishe leo na ya leo iipite ya jana, japo kwa sehemu moja katika mia. Na katika karakana ziliwekwa sakafuni alama mbili kubwa za nyayo, ambapo wakati wa kufunga kazi, mtu aliyekosea siku ile alisimama mbele ya wenzake, akaeleza kosa lake na namna atakavyolirekebisha. Wasifu wa kampuni hupenda kulihusisha jambo hilo na Zengzi na kujihoji kwake. Inawezekana; ila Zengzi alijihoji faraghani, na mtu aliyeishi Uchina katika miaka ya 1960 angezikumbuka haraka zaidi zile baraza za chama ambamo watu walilazimishwa kujikosoa mbele ya umati. Mila haiji kiwandani ikiwa imeoshwa. Huja na yote iliyopitia.

Tofauti ilidhihiri Haier ilipovuka bahari. Mwaka 2000 kiwanda chake cha Camden, katika jimbo la South Carolina huko Marekani, kilianza kutengeneza majokofu, na nyayo zikachorwa sakafuni kama zilivyokuwa Qingdao. Wafanyakazi wa Kimarekani hawakukubali. Kusimama mbele ya wenzao na kulaumiwa waliona ni kudhalilishwa, wala hakuna hotuba iliyowabadili. Wakuu, badala ya kuvunja desturi au kuwavunja watu, waligeuza maana yake: juu ya nyayo zile akasimama aliyefanya vizuri, awaeleze wengine alivyofanya, apigiwe makofi. Kasoro ziliendelea kupatikana na kurekebishwa bila ya mtu kutahayari hadharani, nalo ni jambo la kutafakariwa na wale wanaodai kuwa siri ya ubora imo katika damu ya taifa fulani. Mwaka 2016 Haier ilinunua idara ya vyombo vya nyumbani ya General Electric kwa zaidi ya dola bilioni 5.

Na sasa upande wa pili wa kitambaa, ambao mwandishi mwaminifu hawezi kuukunja. Katika mji wa Shijiazhuang, jimbo la Hebei, ilikuwako kampuni ya Sanlu, iliyoanza mwaka 1956 kama ushirika wa maziwa na ikapanda hata kuongoza nchi nzima katika mauzo ya maziwa ya unga ya watoto. Sifa yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali iliisamehe ukaguzi. Bidhaa zake zilipita bila ya kupimwa na dola, kwa kuwa heshima yake ilihesabiwa kuwa kipimo tosha. Maziwa yake yalikusanywa katika vituo vya vijijini, na baadhi ya wauzaji waliyatia maji. Maji hupunguza protini, na protini ilipimwa kwa kuhesabu naitrojeni iliyomo. Basi waliongeza melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ambayo theluthi mbili za uzito wake ni naitrojeni. Kipimo kilisema kweli juu ya naitrojeni na uongo juu ya maziwa. Katika figo za watoto wachanga melamini iligeuka mawe.

Malalamiko yaliifikia kampuni kuanzia mwisho wa mwaka 2007. Mwanzoni mwa Agosti 2008 wakuu walikuwa na jibu la maabara mikononi mwao, na wakati huo Beijing ilikuwa imebakiza siku chache kufungua Michezo ya Olimpiki, tarehe 8, mbele ya macho ya dunia nzima. Nani angeleta habari ya aibu katika wiki ya fahari? Kampuni iliamua kuyarudisha maziwa kimyakimya, bila ya kuwatangazia wazazi. Iliiarifu halmashauri ya mji, na halmashauri ya mji haikuarifu jimbo kwa zaidi ya mwezi mmoja. Washirika wa kigeni, kampuni ya Fonterra ya New Zealand iliyokuwa na asilimia 43 ya hisa, walishauri tangazo la hadharani wasisikilizwe, hata serikali ya New Zealand ikapeleka habari moja kwa moja Beijing mwezi wa Septemba. Tarehe 11 Septemba watu wakaambiwa. Watoto 6 walikufa, na karibu 300,000 waliugua. Na ukaguzi ulipopitishwa kwa kampuni 109 za maziwa, bidhaa za kampuni 22 zilikutwa na melamini.

Maadili yaliyofanya kazi katika ukimya huo yalikuwa yale yale ya Qingdao: kuona haya, kumhifadhi mkubwa asifedheheke, kulinda jina la nyumba, kutovuruga utulivu wa wengi. Kilichokosekana ni mkubwa wa kuanza. Huko Qingdao aibu ilianzia juu ikashuka, kama majina ya silaha za Qin. Huko Shijiazhuang kila ngazi ilimstiri aliye juu yake, hata aibu yote ikatua juu ya waliokuwa hawajui kusema. Januari 2009 mkuu wa Sanlu, Tian Wenhua, alihukumiwa kifungo cha maisha, na watu wawili waliohusika na kuuza melamini na maziwa machafu wakauawa kwa hukumu ya mahakama mwezi wa Novemba. Msamaha wa ukaguzi ulifutwa, na sheria mpya ya usalama wa chakula ikaanza kutumika tarehe 1 Juni 2009. Mali za Sanlu ziliuzwa kwa mnada, zikanunuliwa na kampuni ya Sanyuan ya Beijing.

Sheria ilikuja upesi kuliko imani. Akina mama wa Uchina walianza kutafuta maziwa ya nje kwa kila njia, wakivuka mpaka kwenda Hong Kong na kuyabeba kwa mabegi hata maduka ya kule yakaishiwa na watoto wa wenyeji wakakosa, na tarehe 1 Machi 2013 serikali ya Hong Kong ililazimika kuweka amri kwamba msafiri asitoke na zaidi ya kilo 1.8 za maziwa ya unga ya watoto, yaani makopo mawili, na atakayezidisha atozwe faini au afungwe.